Attracta Feeney na Jumanne Zake za Kituoni

Mwaka umetimia wiki hii, Attracta, tangu Alhamisi ile ulipotuaga saa sita mchana, kuku wakiwa hawajapewa chakula na redio ikiwa inaongea peke yake jikoni. Binti wa gazetini ameniambia kumbukumbu huandikwa kwa "sisi", sisi wanafamilia. Nikamwambia sawa. Lakini wewe unajua hao sisi ni akina nani. Ni mimi mdogo wako Malachy, na mbwa, na Gráinne wa marehemu dada yetu, aliyeko Perth, ambaye akipiga simu asubuhi yetu kwake kumeshakuwa jioni.

Binti huyo alinionyesha pia daftari la mashairi, nichague moja la mistari minne. Nimeyasoma yote. Yana malaika na bustani. Wewe na malaika mngegombana siku ya kwanza, tena jikoni. Nikasema nitaandika mwenyewe, na ikiwa ndefu basi iwe ndefu, watu wa Cloonagh wana nafasi ya kusoma.

Redio bado naiwasha. Kila asubuhi baada ya habari wanasoma majina ya waliofariki, kama kawaida yao, na wewe ulikuwa unanyamazisha nyumba nzima, hata birika unaliondoa motoni. Halafu unaanza: "Huyo ni mke wa yule aliyenunua trekta la mjomba. Maskini. Alikuwa mchoyo, lakini maskini." Sasa wanasomwa watu na mimi nabaki nimekodoa macho. Sijui nani ni wa nani. Mambo ya kuwajua watu nilikuachia wewe.

Wanaosoma hapa wengi wamekula mkononi mwako. Miaka thelathini na mmoja jikoni pale kwenye mnada wa ng'ombe, kila Jumatatu, viazi na kabichi na nyama ya nguruwe, na mchuzi ambao hukumwambia mtu siri yake. Aliyeuza ndama wake kwa bei ya kutupa ulimjua kwa jinsi alivyoshika uma, na huyo ulimwongezea bila kumuuliza. Wengine uliwauliza.

"Viazi zaidi?"

"Hapana, Attracta, nimeshiba."

"Viwili tu."

"Hapana, kweli kabisa."

"Wee, hebu leta sahani hiyo hapa!"

Na sahani inaletwa. Ndivyo tulivyolelewa sote huku kwetu. Ukikaribishwa kitu, kataa. Ukikaribishwa tena, kataa, ila sasa kwa sauti ya chini. Ya tatu ndiyo karibu yenyewe, na hapo unasema haya basi, kikombe kidogo, usijisumbue. Mama alikuwa akitufinya tukikubali mara ya kwanza. Watu wangedhani kwetu hatulishwi.

Februari ya mwaka jana uliniambia. Tulikuwa zizini, mimi nikiwarushia ng'ombe nyasi kavu. Ukasema, "Ni saratani ya kongosho, Malachy. Wamesema hawawezi kupasua." Nami nikakuuliza kama ulikuwa umekula. Mungu anisamehe, hilo ndilo neno lililonitoka.

Baada ya hapo watu wakaanza kukukwepa. Si kwa ubaya. Hawakujua waseme nini. Mwenye duka, mwanamke uliyemlisha tangu akiwa na meno ya utotoni, alijificha nyuma ya magunia ya chakula cha kuku. Uliviona viatu vyake. Ulirudi nyumbani ukacheka, halafu ukaenda kwenye banda la maziwa ukalia. Nilikusikia. Nikaanza kugonga gonga ndoo uwanjani ili udhani sijasikia.

Mimi nilikuwa mbaya kuliko mwenye duka, maana yeye alijificha mara moja tu. Mimi nilijificha kila siku mezani, mbele yako, nikimzungumzia mtu anayekufa habari za mvua na bei ya mbolea. Ulikuwa peke yako ndani ya nyumba yenye watu wawili. Hilo nalijua vizuri zaidi sasa.

Daktari ndiye aliyesema kuhusu hospisi ya mjini, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, kwamba wana kituo cha mchana, Jumanne kwa Jumanne, saa nne mpaka saa tisa, kwa wagonjwa wanaoishi nyumbani.

Nikasema, "Huko watu wanakwenda kufa."

Ukasema, "Na hapa unadhani nafanya nini? Nafuga bata?"

Basi nikakupeleka. Uliingia mlangoni saa nne na uso wa majivu, umevaa koti la kanisani. Mimi nikabaki garini, maana sikuwa mgonjwa na sikuwa nimealikwa. Saa tisa ulitoka umeoshwa nywele na kucha zimepakwa rangi nyekundu. Nyekundu, Attracta! Na miaka yako sabini na miwili!

"Tazama barabara," uliniambia. "Usinitazame kama umeona jini."

Njia nzima hukunyamaza. Kuna nesi, Marieke, Mholanzi, mrefu kama ngazi, aliyekaa mbele yako akakuuliza waziwazi, "Attracta, unaogopa nini?" Hakuna aliyewahi kukuuliza hivyo, wala padri. Ulimwambia unaogopa maumivu ya alfajiri, na kabla ya chakula cha mchana daktari wao alikuwa ameshabadilisha dawa. Na kuna Ignatius Tarpey, aliyekuwa kondakta wa basi la Sligo, mapafu yamekwisha, anakokota mtungi wa oksijeni wenye magurudumu na kuuita "mke wangu". Alikutambua ulipoingia tu.

"Wewe ndiye ulininyima kiazi mnadani mwaka themanini na tisa!"

"Sikukunyima. Ulikuwa umeshakula vinane."

"Ungeniuliza tena, ningekula cha tisa."

Ukaniambia pale mtu anaweza kusema "nikifa" katikati ya sentensi, na mwenzake akamwambia nipe sukari. Ulisema ni kama kuvua viatu vinavyobana. Nitasema lililo kweli: niliona wivu. Kwa saa tano ulicheka na Ignatius Tarpey kuliko ulivyocheka na mimi tangu Krismasi.

Sasa lile la chai. Wasomaji wataniwia radhi, najua limeshazunguka mpaka kaunti ya pili, lakini halijasimuliwa na mimi.

Jumanne ile ya kwanza, kwenye saa tano, Marieke alitoka akagonga kioo cha gari. "Karibu ndani, kuna chai na supu."

"Hapana, asante," nikasema. "Nimeshiba." Nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu saa kumi na mbili.

Akasema, "Sawa." Akageuka akaenda zake.

Nikabaki namtazama mgongo. Nilidhani amesahau kitu ndani, atarudi. Hakurudi. Jumanne ya pili akaja tena, akauliza mara moja, nikakataa, akasema sawa. Hapo nikakaa nikahesabu. Nikajiambia pengine kwao Uholanzi moja ya wiki hii na moja ya wiki iliyopita zinajumlishwa, kwa hiyo Jumanne ijayo itakuwa ya tatu na nitakuwa na haki ya kukubali. Niliacha hata kunywa chai nyumbani asubuhi hiyo. Jumanne ya tatu mvua ikanyesha na hakutoka kabisa.

Kumbe ndani kule alikuwa ameshawaambia watu, "Mwacheni. Huyu bwana anapenda kukaa peke yake."

Uliposikia hivyo ulicheka mpaka wakakuletea maji. Ignatius aliniambia baadaye kwamba ulicheka, ukacheka, halafu ukajifunika uso na leso na hukuwa unacheka tena. Ulipopata sauti ukamweleza Marieke habari ya mara tatu. Naye akauliza, "Kwa hiyo watu wote wa nchi hii wana njaa?"

Jumanne iliyofuata akaja mpaka kwenye kioo, akasimama wima. "Karibu chai. Karibu chai. Karibu chai. Ndiyo tatu hizo. Toka kwenye gari."

Ningetoka siku ile, mambo yangekuwa mengine. Lakini nyuma yake, dirishani, niliona vichwa. Nilijua mmecheka. Nilijua adabu ya nyumbani kwetu imewekwa mezani kati ya biskuti, kila mtu akaionja. Damu ikanipanda usoni. Nikasema, "Sihitaji, asante," nikapandisha kioo. Na nikakaa hivyo Aprili, Mei, Juni, Julai, na chupa yangu ya chai iliyopoa, nikisoma gazeti hilihili mpaka matangazo ya mitumba.

Agosti ulinisimamisha njiani, pale tunapochimba ule udongo mweusi wa kinamasi tunaoukausha na kuuwasha kama kuni.

"Simamisha gari."

Nikasimamisha.

"Malachy, sikiliza, na usiniambie habari ya mvua. Mwanzo nilikwenda pale kwa ajili yangu. Sasa nakwenda kwa ajili yako, mjinga wewe. Nimekutafutia watu. Wanakujua jina, wanajua magoti yako mabovu, wanajua hupendi vitunguu. Wanakungoja. Mimi nikishaondoka, nani atakuuliza mara ya tatu?"

Nilitazama mawingu yaliyokuwa juu ya mlima, nikasema inaonekana itanyesha. Nikawasha gari. Nimerudia safari ile kichwani kila siku kwa mwaka mzima, na kila siku nakujibu vizuri, na haisaidii.

Jumanne yako ya mwisho ilikuwa Oktoba. Hukuweza tena kutembea kutoka garini, nikakubeba. Ulikuwa mwepesi kuliko mbwa. Nikafika nawe mpaka kwenye zulia la mlangoni, wakaleta kiti cha magurudumu, na Ignatius alikuwa amesimama pale na mke wake wa chuma. Akaniambia, "Umeshafika, bwana. Kanyaga tu." Nikakuweka kitini, nikakufunika miguu, nikarudi garini. Uligeuka ukanitazama. Hukusema kitu. Wewe, ambaye hukuwahi kukosa la kusema.

Siku tatu za msiba nyumba ilijaa mpaka tukaazima viti vya shule. Mtu aliyetoka Galway kwa gari alisimama uwanjani akiwa na kofia mkononi, akaniambia ulimlisha siku mkewe alipomkimbia. Walikuja wote. Mwenye duka alikuja akaosha vyombo kutwa nzima bila kuinua macho. Marieke alikuja, akakupaka tena rangi ya kucha. Nilifurahi, ingawa sikumwambia.

Halafu wakaenda, na mimi nikabaki.

Sikujua kama nyumba inaweza kunyamaza vile. Jirani wa mlimani aliniita kula Krismasi kwao. Nikasema hapana, nipo sawa. Akasema, una hakika? Nikasema hapana, hapana, kwa sauti ya chini. Akasema haya, ukibadili nia unajua tulipo. Nilisimama mlangoni nikamngoja aseme tena, na yeye alikuwa anatafuta funguo za gari. Watu wa siku hizi wanaishia ya pili. Simlaumu. Siku ya Krismasi nilikula soseji nimesimama.

Gráinne alikuwa akiuliza, "Uko sawa, mjomba?" Nami nasema niko sawa, na tunaongea habari ya joto la kwao. Kuna siku nilimwita mbwa jioni, sauti ikatoka imekwaruza, ndipo nikagundua sikuwa nimesema neno tangu jana yake. Sikuwa sawa, Attracta. Nilikuwa mpweke kiasi cha kukaa zizini na ng'ombe mpaka vidole vife ganzi, kwa sababu nao angalau wanapumua. Sijamwambia mtu hili. Nakwambia wewe, na anayesoma asome.

Kituo kilituma barua. Walisema Jumanne ndugu za waliofariki wanakaribishwa pia, waje wakae, kuna chai. Nikaiweka nyuma ya saa ya ukutani. Barua nayo inakaribisha mara moja tu.

Machi simu ikalia.

"Malachy Feeney? Ignatius Tarpey hapa. Dereva anayenipeleka kituoni kavunjika mguu. Utanichukua Jumanne, saa tatu na nusu."

"Aa, sidhani, Ignatius, nina ng'ombe wanakaribia kuzaa..."

"Wewe, sikiliza." Nikasikia anavuta pumzi, halafu anavuta nyingine kabla ile ya kwanza haijafika. "Mimi sikaribishi mara tatu. Pumzi sina. Nikisema mara moja, zote tatu zimo humo humo. Dada yako alinipa kazi hii Septemba. Nimeichelewesha kwa sababu nilitegemea kufa kabla ya kuifanya. Sasa, unakuja au huji?"

Nikasema, "Nakuja."

Mara ya kwanza, dada. Miaka sitini na minane, sijawahi kukubali kitu mara ya kwanza. Nikakata simu nikakaa chini.

Jumanne ikafika. Nilikuwa na mpango wangu: nimfikishe mlangoni, nirudi garini. Lakini mtungi ni mzito na yeye mikono haina nguvu tena, ikabidi niukokote mimi, na mrija unaotoka kwenye mtungi kwenda puani mwake si mrefu. Yeye akaingia. Sasa mimi nibaki nje na mtungi, mwenye pua aende? Nikajikuta nimeshavuka zulia, nipo katikati ya chumba, na watu wanane wananitazama.

Marieke akasema, "Chai?"

Nilifungua mdomo kusema hapana. Ignatius akanitazama. Nikasema, "Ndiyo."

"Na sandwichi?"

"Ndiyo."

"Unaendeleaje, Malachy?"

Ningejibu salama, kama mtu yeyote wa huku. Nikasema, "Vibaya." Na hapo machozi yakanitoka, mbele ya watu, sandwichi iko mdomoni, siwezi kutema wala kumeza. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu, ambaye sikuwa namjua hata jina, akasogeza bakuli la sukari akaniwekea mkono juu ya mkono. Hakuna aliyetazama kando. Ignatius akasema, "Mwacheni alie, lakini asiache sandwichi, ni ya nyama." Nikacheka na kulia pamoja, nikaonekana mwendawazimu, na hakuna aliyejali.

Walinionyesha kiti chako, kile cha dirishani. Sikukikalia. Kwa sasa anakikalia mwalimu mmoja mstaafu, na anakifaa, maana anabishana kama wewe. Walinisimulia mambo yako ambayo mimi sikuyajua: kwamba uliwahi kupenda mtu wa Ballina, kwamba ulitaka kuiona bahari ya Ureno, kwamba usiku ulikuwa ukiniogopea zaidi kuliko ulivyoyaogopa maumivu. Nilikula nawe meza moja miaka sitini na minane, na haya niliyasikia kwa kondakta wa basi.

Sitakudanganya kwamba mambo yamekuwa mazuri. Jumatano mpaka Jumatatu jikoni ni kulekule, na ninaposikia jina redioni bado nageuza kichwa nikuulize ni wa nani. Lakini Jumanne nampeleka Ignatius na kumrudisha, ananitukana njia nzima kwa jinsi ninavyobadilisha gia, na saa tano nakunywa chai na watu. Wengine wao hawapo tena, na wengine wameingia. Naosha vikombe. Juzi mtu aliniuliza naogopa nini, nikamwambia.

Misa ya mwaka wako ni Jumapili hii saa tano asubuhi, kanisa la Cloonagh. Baada ya misa nyumba iko wazi. Nitapika viazi, kabichi na nyama, na mchuzi nitaukosea, mnisamehe. Sijawahi kukaribisha watu maishani mwangu, hiyo ilikuwa kazi ya Attracta, kwa hiyo sijui inavyofanywa. Njooni. Mwenye duka, na wewe uje. Kama wewe ni mtu wa kusema hapana kwanza, isemee hukohuko kwako mara mbili, kisha uvae viatu.

Wanaokukumbuka ni mimi mdogo wako, Malachy. Gráinne na watoto wake wawili huko Perth, ambao mdogo wao amepewa jina lako na tayari hanyamazi. Ignatius Tarpey, aliyesema nisipoandika kwamba alikuwa kondakta atanishtaki. Marieke, na watu wote wa Jumanne. Tutakukumbuka mpaka zamu yetu ya kukumbukwa ifike.

Watu ulionitafutia ninao sasa, dada. Wewe ndiye sina.